Shilingi milioni 2.8 zilizorudi: kisa cha Soweto, Nairobi

Jumatatu tarehe 18 Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi alitoa taarifa fupi yenye jambo ambalo Wakenya hawajalizoea: kanisa lilikuwa linamrudishia Rais pesa zake. Hesabu ilitajwa moja moja. Shilingi 600,000 ambazo Rais William Ruto alizitoa kwa kwaya na kundi la watoto wa parokia, PMC. Shilingi milioni 2 za kujenga nyumba ya mapadri. Shilingi 200,000 ambazo Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, aliiongezea kwaya. Jumla milioni 2.8. Yaliyokuwa bado ahadi, yaani milioni 3 nyingine za nyumba hiyo hiyo pamoja na basi la parokia, yalikataliwa kabla hayajafika.

Pesa zilikuwa zimetolewa jana yake, Jumapili ya tarehe 17, katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, huko Eastlands. Wasomaji wengi walikipokea kisa hiki kama pambano: Askofu kamshinda Rais, moja bila. Waliokuwa na hasira na serikali walishangilia. Waliokuwa upande wa Rais waliuliza tangu lini sadaka inakaguliwa mfuko ilikotoka. Naona pande zote mbili ziliharakisha. Ukizipanga siku kwa mfuatano wake, hoja inayojitokeza ni nyembamba zaidi ya "kanisa dhidi ya serikali", na nzito zaidi.

Mambo yalianza Alhamisi ya tarehe 14. Maaskofu Wakatoliki wa Kenya, chini ya mwenyekiti wao Askofu Mkuu Maurice Muhatia Makumba wa Kisumu, walitoa tamko ambalo kwa ukali wake liliwakumbusha watu wazima nyaraka za kichungaji za miaka ya tisini. Walizungumzia ushuru unaowalemea wananchi, ufisadi, na watu kutekwa na kuuawa. Waligusa mtindo mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu na mkanganyiko wa bima ya afya, wakati mfuko wa zamani, NHIF, ulipokuwa unaondoka na mamlaka mpya, SHA, inaingia. Walikataa pendekezo la kurefusha muhula wa viongozi kutoka miaka 5 hadi 7. Na juu ya yote waliishutumu serikali kwa kuendeleza utamaduni wa uongo, wakawaambia Wakenya waache kuwapigia makofi wanasiasa wanaowadanganya.

Upande wa serikali ulijibu kwamba viongozi wa dini nao wazingatie ukweli wanapozungumza. Hilo lilitarajiwa. Lakini siku tatu tu baada ya tamko, Rais alihudhuria Misa katika kanisa la wale wale waliomshutumu, na mbele ya waumini pesa zikatangazwa.

Sidai kuujua moyo wa mtoaji. Huenda safari ya Soweto ilikuwa imepangwa miezi mingi nyuma. Ratiba za marais haziandikwi usiku mmoja. Huenda alikuta kweli nyumba ya mapadri haijaisha, akaguswa. Kwa uamuzi wa Askofu Mkuu hayo hayakuwa na uzito mkubwa, kwa sababu zawadi inayotolewa hadharani husomwa na hadhara, si na mtoaji peke yake. Na hadhara ingeisoma namna moja: Alhamisi maaskofu wamesema, Jumapili wamepewa, yamekwisha. Tamko la Alhamisi lingekufa Jumapili mchana, bila waziri yeyote kuhangaika kulijibu hoja kwa hoja.

Ndiyo maana nasema zile pesa zilikuwa jibu, hata kama mtoaji hakuzikusudia hivyo. Kuzirudisha kulikuwa jibu la jibu, nalo lilitolewa hadharani kwa sababu zawadi yenyewe ilitangazwa hadharani. Kama Askofu Mkuu angezirudisha kimyakimya kupitia ofisi ya jimbo, Wakenya wangebaki na picha ya Jumapili tu.

Wapo waliosema angezipokea halafu azigawe kwa maskini. Hasa kwa kuwa Jumapili ile, katika kalenda ya Kanisa Katoliki, ilikuwa Siku ya Maskini Duniani, aliyoianzisha Papa Fransisko. Wazo ni zuri, ila lina kikwazo cha kisheria ambacho wachambuzi wengi hawakukigusa. Kanuni ya 1267 ya Sheria za Kanisa inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalum itumike kwa kusudi hilo tu. Pesa ya nyumba ya mapadri hujengea nyumba ya mapadri. Kuigeuza unga na mafuta ya kugawa Kayole kungekuwa kumdanganya mtoaji, na hilo lingemweka Askofu katika kundi lile lile alilokuwa analilaumu Alhamisi.

Kanuni hiyo hiyo inasema jambo jingine, nalo linamtetea Rais kuliko wanavyodhani wakosoaji wake. Sadaka haikataliwi ovyo. Kanisa linatakiwa kuwa na sababu ya haki, na jambo likiwa kubwa, ruhusa ya mwenye mamlaka ya jimbo inahitajika. Kwa hiyo wanaomlaumu padri wa Soweto kwa kutozikataa palepale wanamtwisha mzigo usio wake. Hebu jiweke mahali pake: Rais wa nchi amesimama mbele yako, walinzi wamejaa uani, kamera zinamulika, kwaya imeshashangilia, halafu wewe paroko uchukue kipaza sauti useme asante lakini hapana? Hata kama angekuwa na ujasiri huo, uamuzi wa mwisho haukuwa wake. Ulikuwa wa Anyolo, na Anyolo aliufanya ndani ya saa 24 hivi. Kwa taasisi inayosifika kwa kuunda kamati, hiyo ni kasi.

Sasa, sababu ya haki ilikuwa ipi? Taarifa ilitoa kadhaa, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni kwamba maaskofu walikwisha kutoa maagizo kuhusu wanasiasa na michango kanisani, na yaliyotokea Soweto yaliyakiuka. Hii ni sababu halali, ingawa inazua swali ambalo si la Rais kulijibu: kama maagizo yalikuwepo, nani ndani ya kanisa aliandaa shughuli ile hadi tangazo likatolewa? Mgeni hajiiti kwenye kipaza sauti.

Ya pili ni ya kisheria. Taarifa ilitaja Mswada wa Michango ya Umma wa 2024, unaotaka michango ya hadhara idhibitiwe kwa vibali na viongozi wa kisiasa wawekewe mipaka. Hapa naona Jimbo Kuu liliteleza. Siku ile mswada ulikuwa mswada tu. Huwezi kumshtaki mtu kwa sheria ambayo bado haijapita, na wakili yeyote wa Ikulu angeiona nafasi hiyo.

Na wala hapakuwa na haja ya mswada. Tarehe 5 Julai 2024, siku chache baada ya vijana kuingia Bungeni na yeye kuuondoa Mswada wa Fedha, Rais mwenyewe alisimama mbele ya taifa akatangaza kwamba kuanzia sasa hakuna afisa wa serikali atakayeshiriki harambee wala michango ya hadhara, na akamwagiza Mwanasheria Mkuu aandae sheria. Miezi 4 na siku 12 baadaye alikuwa Soweto. Neno lake lilitosha kuwa ushahidi. Ajabu ni kwamba katika jambo hili kanisa lilikuwa linamsaidia Rais kulitii agizo la Rais.

Tukumbuke agizo lile lilitoka wapi. Miezi ya Juni na Julai 2024 vijana waliokuwa barabarani hawakuishia kuwakemea wabunge. Waliyageukia na makanisa. "OccupyChurch" ilizunguka mitandaoni. Ujumbe ulikuwa kwamba viongozi wa kanisa wafunge mimbari kwa wanasiasa, la sivyo waumini vijana watazifunga wenyewe. Wimbo wa msimu ule ulikuwa "Zakayo shuka", Zakayo likiwa jina walilompachika Rais kwa sababu ya ushuru, na hata mtu asiyefungua Biblia mwaka mzima alijua Zakayo ni nani: mtoza ushuru mkuu wa Yeriko, mfupi, aliyepanda mkuyu kumwona Yesu. Kisa hicho kiko katika Luka sura ya 19, na kwa kawaida wakosoaji wa Rais walikoma kwenye aya ya ushuru. Wangeendelea kidogo wangekuta kwamba Zakayo aliposhuka hakutoa mchango kwa sinagogi. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu akaahidi kurudisha mara nne. Pesa zilikwenda kwa waliodhulumiwa moja kwa moja. Kasha la hekalu halikutajwa.

Hapo ndipo ilipo sababu ninayoiona nzito kuliko zote. Taarifa haikuitaja, lakini ilikuwemo katika tamko la Alhamisi. Miongoni mwa malalamiko ya maaskofu lilikuwemo la hospitali za misheni: zimetibu wagonjwa wa NHIF, zimewasilisha madai, hazijalipwa. Kanisa Katoliki lina hospitali, zahanati na vituo vya afya kila kona ya nchi, vingi vikiwa mahali ambapo serikali haina hata dirisha la dawa. Kwa hiyo mwezi ule uhusiano ulikuwa hivi: serikali inadaiwa na kanisa kwa kazi iliyokwisha kufanyika, na mkuu wa serikali anakuja kanisani kutoa zawadi. Mtu anayekudai humlipi kwa kuituza kwaya yake. Deni lina hati na tarehe, na likilipwa halina shukrani wala makofi. Zawadi ina kipaza sauti. Kiongozi akiweza kuchagua kati ya kulipa deni kimya na kutoa zawadi kwa shangwe, siasa yetu imemfundisha muda mrefu achague lipi.

Na swali la chanzo cha pesa? Mshahara wa Rais wa Kenya ni kama shilingi milioni 1.4 kwa mwezi kabla ya makato. Asubuhi moja Soweto ilikula milioni 2.6, na ahadi ya milioni 3 juu yake, na basi. Lazima niseme pia kwamba Ruto alikuwa tajiri kabla ya kuwa Rais, ana biashara na mifugo, na hakuna sheria inayomkataza tajiri kuwa mkarimu. Taarifa ya Anyolo ilikuwa na busara hapa. Haikumshtaki mtu wizi. Ilisema tu kwamba kanisa linapaswa kukataa michango inayoweza kuathiri uhuru wake au kumpa mtu manufaa asiyostahili. Kipimo kikawekwa kwa mpokeaji: hii zawadi itatufanya nini sisi?

Kipimo hicho kina ukoo mrefu. Katika Mwanzo 14, baada ya vita, mfalme wa Sodoma anamwambia Abramu achukue mali yote. Abramu anakataa hata uzi, hata gidamu ya kiatu, asije mfalme akasema kwamba yeye ndiye aliyemtajirisha Abramu. Mali ile haikuwa ya wizi. Kwa desturi ya vita Abramu alikuwa na haki nayo. Alichokikataa ni sentensi ambayo mfalme angeisema baadaye. Na katika Amosi 7, kuhani Amazia anamfukuza nabii Betheli kwa hoja moja: hapa ni patakatifu pa mfalme. Hakumwambia Amosi kwamba anasema uongo. Alimwambia mahali hapa pana mwenyewe.

Lakini Biblia haiko upande mmoja, na wachungaji wanaopokea wana maandiko yao. Luka 7 ina akida wa Kirumi, afisa wa jeshi la wakoloni, ambaye wazee wa Kiyahudi wanamwombea kwa Yesu kwa kusema wazi kwamba anastahili kwa kuwa amewajengea sinagogi. Yesu hakuwakemea, aliondoka nao. Katika Ezra 6 hekalu la Yerusalemu linajengwa upya kwa hazina ya Dario, mfalme wa Uajemi, kwa amri rasmi, na manabii Hagai na Zekaria wako hapohapo hawapingi. Huwezi kusema basi kwamba pesa ya mtawala ni haramu kwa nyumba ya Mungu. Angalia hata hivyo aya ya kumi: Dario anataka makuhani wauombee uzima wake na wa wanawe. Hata yeye hakutoa bila kuomba kitu, ila aliandika anachoomba ndani ya amri yenyewe, kila mtu akakiona. Wafadhili wetu hawaandiki. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, na cha kanisa kinacholiwa ni sauti yake.

Kenya inao ushahidi wa jambo hili. Chini ya Daniel arap Moi, habari za Jumapili usiku zilianza na Rais kanisani, wiki baada ya wiki. Wakati huo huo kulikuwa na wachungaji wachache waliolipa gharama ya kusema: Henry Okullu, David Gitari aliyepinga kura ya mlolongo, ya kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea, Timothy Njoya wa kanisa la Presbiteri, PCEA, Ndingi Mwana a'Nzeki, na Alexander Muge, askofu Mwanglikana wa Eldoret aliyefariki katika ajali ya barabarani Agosti 1990 siku chache baada ya waziri kumtishia hadharani asifike Busia. Watu wale waliweza kusema kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba hapakuwa na risiti ya kuwaonyesha.

Halafu ikaja 2007. Makanisa yaligawanyika kwa makabila na vyama, na nchi ilipowaka baada ya uchaguzi, sauti zao hazikusikika kama za wapatanishi kwa kuwa kila mmoja alikwisha kujulikana ni wa nani. Baraza la Makanisa, NCCK, lilikiri mwaka 2008 kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande. Ungamo lile lilikuwa la kweli. Mazoea ya michango hayakuguswa.

Tarehe 8 Septemba 2019, katika Kanisa Katoliki la Gitui, Murang'a, wabunge Ndindi Nyoro na Maina Kamanda pamoja na wafuasi wao walizozana mbele ya altare juu ya nani aongoze harambee. Ibada ikageuka vurugu. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Septemba 2021 huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwanyima wanasiasa kipaza sauti katika ibada ya kumsimika Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini. Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwepo, wakaketi. Siku hizo Wakatoliki na Wapresbiteri nao wakatangaza mimbari zimefungwa. Kampeni za 2022 zilipopamba moto, milango mingi ilifunguka tena polepole. Padri anahitaji mabati, mwanasiasa anahitaji umati. Marufuku ya kipaza sauti haijibu hitaji la mabati.

Tuingie basi kwenye sehemu ya kisa ambayo haikuandikwa sana. Soweto ya Kayole si Karen wala Lavington, mitaa ya matajiri. Ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, wa nyumba za kupanga, akina mama wa vibanda na vijana wa bodaboda. Nyumba ya mapadri iliyokuwa imepata na kuahidiwa jumla ya milioni 5 kwa siku moja ikarudi kuwa nyumba inayojengwa kwa shilingi hamsini hamsini za jumuiya ndogo ndogo. Msimamo wa kinabii ulitolewa katikati ya jiji. Bili ikatumwa Kayole. Taarifa iliwahimiza viongozi wa kanisa wasiwe ngazi ya wanasiasa, na ni sawa, lakini jimbo kuu lenye shule, hospitali na ardhi lilikuwa na nafasi ya kusema pia: nyumba hii sasa tutaisaidia sisi. Kumkataza maskini mfadhili bila kumwonyesha mlango mwingine ni rahisi kwa mwenye mlango. Ukiniuliza kasoro kubwa ya uamuzi ule, ni hii, kuliko hata ule mswada.

Ole Sapit aliunga mkono Wakatoliki. Kwa wiki chache ilionekana kama makanisa makubwa yangesimama pamoja, na kwa kiasi fulani yalisimama. Ila Kenya ina makanisa mengi kuliko yanayoweza kukusanyika chini ya maaskofu wawili. Tarehe 2 Machi 2025 Rais alikwenda Jesus Winner Ministry, Roysambu, kwenye barabara ya Thika, akaahidi shilingi milioni 20 kwa jengo la kanisa la Askofu Edward Mwai. Jumapili iliyofuata vijana walijaribu kuandamana hadi kanisani, polisi wakawarushia vitoa machozi, moto ukawashwa barabarani. Rais hakurudi nyuma. Aliutetea utoaji wake na kuahidi kuendelea. Julai 2025, habari za kanisa linalojengwa ndani ya uwanja wa Ikulu zilipotoka, alisema ni pesa zake na kwamba hatamwomba mtu msamaha kwa kumjengea Mungu nyumba.

Wengine wanaichukua Roysambu kama ushahidi kwamba Soweto haikubadilisha kitu. Ahadi iliruka kutoka milioni 5 hadi 20 na mtoaji akahamia mlango wa jirani. Mimi naisoma tofauti kidogo. Kabla ya Soweto, milioni 20 kanisani ingekuwa habari ya aya mbili ukurasa wa ndani, na mchungaji angepongezwa kwa kujua watu. Baada ya Soweto mchungaji alilazimika kujieleza, na waumini wake walikuwa na mfano wa kumnyoshea. Hilo ni badiliko, ingawa halijengi ukuta.

Tofauti ya muundo nayo ina maana yake. Katika kanisa lenye askofu juu ya paroko, kuna mtu wa pili ambaye hakuwepo wakati wa shangwe, anayeweza kuamua Jumatatu akiwa ametulia. Katika huduma nyingi za kiroho mwanzilishi ndiye mchungaji, mwenye saini na mwenyekiti wa ujenzi. Hakuna Jumatatu. Wanaotaka makanisa hayo yafuate mfano wa Anyolo wangeanza kwa kuuliza nani, katika katiba ya kanisa lenyewe, ana mamlaka ya kumwambia mwanzilishi arudishe pesa.

Hata kwa Wakatoliki kazi imebaki nusu. Taarifa ya Novemba ilikemea kutangaza michango hadharani. Haikusema mengi juu ya ule mchango usiotangazwa. Mwanasiasa mjanja aliyesoma habari hii hakujifunza kuacha kutoa, alijifunza kutosimama. Atatuma kwa paybill, nambari ya malipo ya simu, ya parokia kwa majina ya watu wengine, au atampigia paroko simu usiku, na shukrani itatolewa chumbani badala ya altareni. Mchango wa namna hiyo ni wa hatari kuliko wa Soweto, kwa kuwa hakuna anayeweza kudai urudishwe asiyejua kama ulitolewa. Parokia nyingi tayari hubandika mlangoni orodha ya zaka na ya jumuiya zilizochelewesha mchango wa ujenzi. Mama wa mboga anajulikana kwa jina kwamba anadaiwa mia tatu. Orodha hiyo hiyo ingeweza kuwa na safu ya watoaji wa kiasi kikubwa, tuseme kuanzia shilingi 100,000, majina yao, vyeo vyao na kusudi la pesa, isomwe na kamati ya fedha kila robo mwaka na nakala iende kwa askofu. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Maaskofu wakitaka, agizo la ukurasa mmoja linatosha kulianzisha kabla ya hapo.